Mama Akisema Goti Bado Linauma



Jumapili iliyopita tulifundishwa kutoka Kutoka 17, vile vita vya Refidimu, na wengi tulitoka tukiongea juu ya Haruni na Huri waliomshika Musa mikono. Mimi nilibaki na jiwe. Kabla hawajamshika mikono, walimtafutia mzee mahali pa kukaa. Na Musa alikuwa mzee kweli, maanake aliposimama mbele ya Farao alikuwa tayari na miaka 80. Sioni popote katika sura hiyo ambapo Haruni anamwambia kwamba mtumishi wa Mungu hachoki, au kwamba akikiri mikono ni mizito Waamaleki watashinda. Uzito ulionekana, jiwe likaletwa, maombi yakaendelea.

Nauliza hivi kwa sababu kuna swali limekaa nyumbani kwetu kwa muda, na najua haliko kwetu peke yetu. Mtu akiombewa, akasimama mbele ya watu akashuhudia amepona, halafu maumivu yakarudi, aseme nini? Na sisi watoto wake, tufanye nini na lile neno atakalosema?

Mama yangu anaishi Kinangop. Wanaopajua wanaijua baridi ya huko mwezi wa Julai, ile ya kuamka ukikuta nyasi nyeupe. Amelima viazi na kukama ng'ombe maisha yake yote, na magoti yake yamechoka. Goti la kulia ndilo baya zaidi. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mkutano wa Injili karibu na soko, akaenda kwa fimbo, akaombewa, na akarudi nyumbani bila fimbo. Mimi nilikuwepo, nilimwona akitembea. Sitaki mtu asome makala hii akidhani nakuja kuubomoa ule ushuhuda. Siku ile alitembea, na tukamshukuru Mungu.

Baada ya wiki kama tatu maumivu yalirudi. Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuacha kwenda ibada. Jumapili hii vifaranga vinahitaji kuangaliwa, Jumapili ile mvua, nyingine hakulala vizuri. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa kesha! Nilipomuuliza kwa upole, tukiwa wawili tu jikoni, aliniambia kitu ambacho bado nakisikia: "Nitaingiaje na fimbo mahali nilipoitupa?"

Fikiria hilo, mpendwa. Mama mwenye umri ule anajificha kutoka kwa watu wa Mungu, tena kwa sababu ya ushuhuda wake mwenyewe. Maumivu ya goti yalikuwa tayari mengi, sasa yameongezewa aibu, na aibu haina dawa ya kupaka.

Ndugu yangu mdogo, ambaye ni mtu wa maombi kuliko mimi, alikuwa na jibu. Alimwambia Mama asikubali. Alisema maumivu ni dalili za uongo, adui anajaribu kurudisha kilichoondolewa, na mdomo una nguvu ya uzima na mauti. Ukisema "naumwa" unakuwa umefungua mlango. Sitaki kumdharau katika hili. Hoja yake ina uzito. Sote tunawajua watu ambao ugonjwa umekuwa jina lao, ukiwasalimia tu unapewa orodha nzima kuanzia kichwani hadi kidoleni, na hawaoni tena jema lolote Mungu analowafanyia. Ndugu yangu hakutaka Mama afike huko. Na Mithali inasema kweli juu ya ulimi.

Lakini nilimwomba asome tena Marko 8, yule kipofu wa Bethsaida. Yesu anamtoa nje ya kijiji, anamwekea mikono, halafu anamuuliza kama anaona kitu. Ni Yesu mwenyewe anayeuliza! Yule mtu angeweza kujibu vizuri-vizuri ili asimwaibishe mhubiri. Mikono ya Masihi imeshamgusa, nani atathubutu kusema kazi haijaisha? Yeye akasema ukweli: anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Hakukemewa kwa kukosa imani. Aliguswa mara ya pili, na baada ya hapo akaona sawasawa. Mimi naamini kama angedanganya, angerudi kwao akigongana na watu njiani huku akimsifu Mungu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ushuhuda ni kusema kilichotokea, na kilichotokea kinaweza kuwa nusu. Mtu akisema "siku ile nilitembea, na leo goti linauma," amesema kweli mara mbili. Paulo alimwandikia Timotheo waziwazi kwamba alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona! Hakuandika kwamba Trofimo "anapumzika." Aliandika mgonjwa. Na huyo huyo Timotheo alishauriwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, yaani hata Paulo alitoa ushauri wa dawa kwa barua.

Ndugu yangu alinikumbusha Mfalme Asa, na ninajua wapo kati yenu mliofikiria Asa tangu nilipotaja dawa. 2 Mambo ya Nyakati 16 inamlaumu Asa kwamba alipougua miguu aliwaendea matabibu. Soma sura yote. Asa alikuwa ameacha kumtafuta Bwana tangu mwanzo wa sura hiyo, alipochukua fedha ya hekalu akanunua msaada wa mfalme wa Shamu. Miguu ilipougua aliendelea na tabia ile ile. Kosa lake ni kwamba Bwana hakutafutwa kabisa. Mlinganishe na Hezekia: Mungu ameshamwahidi kupona, ameshamwongezea miaka 15, na bado Isaya anaagiza mkate wa tini uletwe na kuwekwa juu ya jipu. Neno lilitangulia, tini zikafuata, na hakuna aliyeona aibu.

Sasa tukishakubaliana kwamba Mama anaruhusiwa kusema, sisi tunawajibika kuuliza, na kuuliza ni kazi. "Mama, umeamkaje?" hiyo ni salamu, jibu lake ni "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Nilijifunza kuuliza kama yule anayetaka kujua. Linauma saa ngapi? Ukianza kutembea au ukishatembea? Ni kitu gani ulikuwa unafanya mwezi jana na sasa huwezi? Usiku unaamka mara ngapi? Wazee wetu hawakufundishwa kulalamika, hasa wa kule kwetu juu. Utapata jibu la kweli mara ya tatu au ya nne, tena mkiwa mnamenya viazi, si mkiwa mnaangaliana.

Na tulipouliza, tuligundua mambo. Mama alikuwa anameza tembe za diklofenaki alizonunua dukani asubuhi na jioni, na katikati anaongeza ibuprofeni aliyopewa na jirani, akijua ni dawa mbili tofauti. Ni za jamii moja. Ukizichanganya hupati nafuu mara mbili, unapata madhara mara mbili. Zinachubua tumbo hadi linaweza kutoka damu ndani kwa ndani, zinachosha figo, na zinapandisha presha. Mama ana presha. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba vifundoni, na yeye akadhani ni ile ile arthritis imeshuka chini. Tafadhali, kama mzee wako anatumia hizo dawa, mwangalie vifundo, mpime presha, na muulize bila aibu kama choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Kikiwa hivyo, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

Halafu kulikuwa na unga. Uliuzwa sokoni ukiwa ndani ya karatasi ya kawaida, bila jina, ati ni mizizi mitupu. Uliondoa maumivu kwa siku mbili kama miujiza. Siwezi kusema ule wa Mama ulikuwa na nini, maanake hakuna aliyeupima. Ninachojua ni kwamba imewahi kukutwa zaidi ya mara moja, katika nchi nyingi, kwamba unga wa aina hiyo umechanganywa na dawa za steroidi kimyakimya. Steroidi zikitumiwa muda mrefu bila daktari zinapandisha sukari na presha, zinavimbisha uso, zinalainisha mifupa. Na ubaya mwingine, mtu aliyezizoea kwa muda akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Kwa hiyo usimnyang'anye mzee pakiti na kuitupa chooni ukidhani umemwokoa. Ichukue pamoja naye, mwende mwonyeshe daktari. Mama alikuwa ameutumia siku chache tu, tulishukuru.

Kliniki walituambia jambo ambalo lingetusaidia sote tukilijua mapema: arthritis si ugonjwa mmoja. Ziko aina zaidi ya 100. Ya Mama ni ile ya kuchakaa. Ukila kuku, ukaangalia mwisho wa mfupa, utaona ile sehemu nyeupe telezi, hiyo ndiyo gegedu. Yake imelika, na hakuna tembe inayoirudisha. Lakini kuna aina nyingine ambayo kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo. Hiyo huanza sana sana kwenye vidole na viganja, pande zote mbili, na mtu akiamka mikono imekakamaa zaidi ya saa nzima. Hiyo ina dawa zake maalum, na kuchelewa kunaacha vidole vimepinda. Ndiyo maana "ni uzee tu" ni neno baya. Linamfunga mzee mdomo sawa na "usikiri." Moja linatoka duniani na lingine linatoka kanisani, lakini kazi yao ni moja.

Na baridi, kwa wale wanaoniuliza: baridi haikuleta ugonjwa wa Mama. Wengi huumia zaidi wakati wa baridi, hilo ni kweli, na kitambaa cha maji moto juu ya goti kinasaidia. Lakini kumhamisha Kinangop aje Naivasha kwangu hakungerudisha gegedu.

Hapo ndipo tulipogombana zaidi, sisi watoto, na nadhani hapa pana jambo la kiroho kuliko hata lile la dawa. Tulitaka kumheshimu mama yetu, amri ya tano inatuagiza. Basi mmoja akasema ng'ombe auzwe. Mwingine akasema aletwe mjini akae kwenye kochi. Nia nzuri zote. Lakini soma 2 Samweli 19, Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi anamwalika akaishi Yerusalemu atunzwe. Barzilai anakataa kwa heshima: hasikii tena ladha ya chakula, hasikii waimbaji, anataka kufia mjini kwake karibu na kaburi la wazazi wake. Na Daudi, pamoja na ufalme wake wote, anamwachia. Anambusu, anambariki, mzee anarudi kwao. Hiyo ndiyo heshima. Mama alipoulizwa alichotaka, hakusema kochi. Alisema anataka kukama ng'ombe wake mwenyewe na kulala hadi saa kumi alfajiri bila kuamshwa na goti. Hivyo viwili tu.

Tena kwa ugonjwa huu, kukaa tu ni sumu. Misuli ya paja ikilegea, goti linabeba mzigo peke yake. Alifundishwa kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu mbele, kuushikilia huku akihesabu hadi tano, kuushusha, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Anahesabu kwa Kikuyu, na wakati mwingine anahesabu wajukuu. Fimbo alifundishwa kuishika mkono wa kushoto, kwa sababu goti baya ni la kulia. Watu wengi hushika upande ule ule wa maumivu, ukiangalia vizuri utawaona hata hapa kwetu. Dawa ya kumeza ilipunguzwa sana, akapewa ya kupaka juu ya goti, na parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa, si kwa kubahatisha.

Mengine tulifanya kwa mikono yetu. Jiko lake la mawe matatu lilimfanya ainame siku nzima, likainuliwa kwa matofali hadi usawa wa kiuno. Choo cha shimo kilikuwa mateso ambayo hakuwahi kuyataja, na mwanamke wa umri wake angeyatajaje kwa wanawe wa kiume? Aliniambia mimi. Fundi alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na mahali pa kushika pande zote mbili. Stuli ya kukamia ilikuwa fupi mno, ikaongezwa miguu. Hakuna lolote kati ya hayo lililogharimu kama ule unga wa sokoni ukijumlisha mwaka mzima.

Niseme kidogo juu ya pesa, kisha niache. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao ni Korbani, wametolea Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Sisi tuna Korbani ya aina nyingine: tunatuma M-Pesa ili tusiende. Pesa inahitajika, nani atakataa? Lakini simu haimenyi viazi na Mama. Yule aliye karibu ndiye anayebeba usiku, na mara nyingi ni binti mmoja au mke wa kijana mmoja, na wale walio mbali ndio wenye ushauri mwingi. Kama wewe ndiye wa mbali, nenda ukalale huko siku nne, umpumzishe aliyeko. Usiende na ushauri. Nenda na nguo za kufanyia kazi.

Na kanisa je? Mama alikuwa na shida moja ambayo sikuitegemea. Alisema hata akirudi ibadani hawezi kuomba, kwa sababu hawezi kupiga magoti, na maombi ya kukaa ameyazoea kama ya watu wavivu. Nani alimfundisha? Hakuna mchungaji aliyesema hivyo madhabahuni. Lakini tukisema "wote tupige magoti" na kuangalia kushoto na kulia, tumeshafundisha. Musa aliomba ameketi juu ya jiwe na Yoshua akashinda bondeni. Nilimsomea Mama sura hiyo mara mbili. Mara ya pili alicheka.

Ningependa wale wanaoombea wagonjwa wafanye kama Bwana alivyofanya Bethsaida, wamuulize mtu baada ya kumwekea mikono, na wakubali jibu lolote litakalotoka. Na wamuulize tena baada ya mwezi, si kwa kipaza sauti. Tuna mioyo ya kushangilia fimbo ikitupwa. Tuwe pia na moyo wa kuirudisha fimbo mkononi mwa mtu bila kumwangalia vibaya.

Ndugu yangu na mimi bado hatujapatana kwa kila neno. Yeye angependa Mama aseme "Bwana ananiponya" badala ya "naumwa." Mama alimjibu kwamba Bwana anamponya na usiku goti linauma, aandike yote mawili. Siku hizi analala hadi saa tisa, mara nyingine saa kumi. Anakama. Anapeleka maziwa deri mwenyewe kwa fimbo, polepole, na njiani anasalimia kila mtu hadi maziwa yanakaribia kuganda.

Ameomba nafasi ya kushuhudia Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nilimuuliza atasema nini, akasema atasema yote, ya mkutano na ya baadaye. Ndugu yangu amesema yeye ndiye atakayemleta.